Tembe za naftalini zikiisha kabatini huenda wapi?

MWAKA wa 2009, nilipokuwa daktari mwanagenzi katika hospitali moja ya wilaya huko Pwani, niliandikiwa kumhudumia mtoto mvulana wa siku tano. Weupe wa macho yake ulikuwa umegeuka manjano, na ukimbonyeza pua kwa kidole, ngozi ilibaki na rangi ya bizari. Tulimvua nguo, tukamlaza chini ya taa ya bluu, na baada ya siku mbili umanjano ukapungua. Nikatia sahihi karatasi ya ruhusa. Mama yake akamfunga kwa shali ile ile aliyokuja nayo, wakaenda zao.

Siku ya nne walirudi. Safari hii mtoto alikuwa mlegevu, hakutaka titi, na mkojo katika nepi yake ulikuwa mweusi kama chai ya rangi iliyokolea. Damu yake ilikuwa imepungua sana. Nikafikiria malaria, nikafikiria maambukizi ya damu, nikafikiria kutopatana kwa damu ya mama na ya mtoto, nikaagiza vipimo vyote hivyo. Muuguzi mmoja, mama aliyeanza kazi katika wodi hiyo mimi nikiwa bado shule ya msingi, akaiinua ile shali na kuniletea.

"Daktari, hebu nusa."

Nikanusa. Ilikuwa ile harufu ya kabati la nguo za sikukuu ambayo kila msomaji anaijua. Tukamwita bibi ya mtoto aliyekuwa nje kwenye benchi.

"Shali hii alibebewa baba yake huyu, mwanangu," akasema. "Ni sufu safi. Miaka yote nimeitunza sandukuni kwa dawa ya nondo. Kila mwaka natia tembe mpya, maana zile za zamani huisha zenyewe. Sijui huenda wapi."

Mtoto alibadilishwa damu usiku huo na akaokoka. Lakini alipofika umri wa miaka miwili iligunduliwa kwamba hasikii vyema. Bibi yule hakuwa na kosa. Alitunza kitu cha thamani kama alivyofunzwa. Kosa lilikuwa langu mimi niliyempa mtoto ruhusa ya kwenda nyumbani bila kuuliza amevikwa nini.

Tangu siku hiyo swali la bibi halijanitoka. Tembe huenda wapi? Wanafunzi wetu wa sekondari hufundishwa jibu lake katika somo la kemia, wakalijibu kwenye mtihani na kulisahau. Leo, mpenzi msomaji, tutalifuata swali hilo kutoka ndani ya tembe hadi ndani ya damu ya mtoto.

KILA KITU KIMESHIKANA

Vitu vingi tunavyovijua vimeundwa kwa chembe ndogo mno. Katika baadhi ya vitu chembe hizo ni molekuli, yaani atomu kadhaa zilizofungwa pamoja. Chembe hizi hazitulii hata kidogo. Katika yabisi kama jiwe au sabuni, kila moja hutetemeka mahali pake. Ukiongeza joto, hutetemeka zaidi. Zikizidi nguvu kidogo huanza kuteleza moja juu ya nyingine, na hicho ndicho kiowevu. Zikipata nguvu za kutosha kuachana kabisa, kila moja hushika njia yake hewani, na huo ndio mvuke.

Kinachozuia chembe zisitawanyike ni kani za mvutano baina yao. Basi ukitaka kujua kitu kitakaa mezani mwaka mzima au kitatoweka, uliza chembe zake zimeshikana kwa nguvu kiasi gani.

Tuanze na chumvi ya jikoni. Chembe zake zina chaji za umeme, nyingine chanya na nyingine hasi. Kila chanya imezungukwa na hasi, na kila hasi imezungukwa na chanya, zote zikivutana kwa nguvu nyingi. Ndiyo maana chumvi haiyeyuki kwa moto mpaka ifikie nyuzi 801 za Selsiasi, na ndiyo maana kopo la chumvi halina harufu. Hakuna chembe inayoondoka humo ikakufikia puani.

Sukari nayo ina molekuli zisizo na chaji kamili, lakini kila molekuli ina sehemu nyingi ambapo haidrojeni iliyoungana na oksijeni huvutwa na oksijeni ya jirani. Wanakemia huita mvutano huu bondi za haidrojeni. Kila moja ni dhaifu ukiilinganisha na mvutano wa chumvi, lakini zikiwa nyingi zinatosha. Ukiipasha sukari moto itaungua na kuwa nyeusi kabla molekuli zake hazijapata nafasi ya kuruka hewani zikiwa nzima.

Sasa tazama naftalini. Molekuli yake ina atomu 10 za kaboni na 8 za haidrojeni, zimepangika kama pete mbili bapa zilizoungana ubavuni. Ndani ya molekuli, atomu hizo zimefungana barabara. Lakini baina ya molekuli moja na nyingine hakuna chaji wala bondi za haidrojeni. Kuna mvutano mdogo tu unaotokana na elektroni, vile vijichembe vyenye chaji hasi vinavyozunguka atomu. Kwa kitambo kifupi mno, elektroni hulundikana zaidi upande mmoja wa molekuli. Upande huo huwa hasi kidogo, na ule wa pili huwa chanya kidogo. Molekuli jirani huathirika, na hizo mbili huvutana. Papo hapo mpangilio hubadilika na mvutano mwingine huzuka mahali pengine. Mwanafizikia Mjerumani, Fritz London, ndiye aliyeeleza jambo hili mwaka wa 1930. Kani hizi ni za jamii inayoitwa kani za van der Waals, kwa heshima ya Mholanzi Johannes van der Waals aliyepata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka wa 1910.

Fikiria abiria waliosimama katika matatu iliyojaa. Wamegusana bega kwa bega, lakini hakuna aliyemshika mwenzake mkono. Mlango ukifunguliwa, aliye karibu nao hushuka. Molekuli za naftalini ndivyo zilivyo. Nguvu zinazohitajika kuitenganisha chumvi chembe kwa chembe ni zaidi ya mara kumi ya zile zinazohitajika kuzitenganisha molekuli za naftalini.

KWA NINI HAIYEYUKI KWANZA?

Hapa msomaji makini atauliza: mafuta ya taa nayo yameundwa kwa kaboni na haidrojeni, na molekuli zake hushikana kwa kani hizo hizo dhaifu. Mbona hayo ni kiowevu na naftalini ni yabisi?

Jibu ni umbo. Nyingi za molekuli za mafuta ya taa ni minyororo inayojikunjakunja. Ni vigumu kuzipanga, kama vile ilivyo vigumu kupanga kamba zilizovurugika. Molekuli za naftalini ni bapa na zote ni sawa, hivyo hupangana vizuri kama sahani jikoni. Mpango huo mzuri huifanya ibaki yabisi mpaka nyuzi 80. Chumba cha Mombasa au Kisumu hakifiki huko. Kwa hiyo tembe haipati joto la kuyeyuka, lakini wakati huo huo molekuli zilizo juu ya uso wake zimeshikwa kidogo tu. Joto haligawanywi sawasawa baina ya molekuli, na daima zipo chache zilizopata zaidi ya wenzao. Hizo huchomoka na kwenda hewani moja kwa moja. Kesho huchomoka nyingine. Baada ya miezi, tembe iliyokuwa kubwa kama gololi hubaki punje, kisha haionekani tena.

Yabisi kugeuka mvuke bila kupitia hali ya kiowevu ndiko kunakoitwa usablimishaji. Ili jambo hili lionekane katika joto la kawaida, kwa ujumla yanahitajika mambo mawili: kani baina ya molekuli ziwe dhaifu, na umbo la molekuli liwe la kupangika vizuri kiasi cha kuifanya yabisi ikatae kuyeyuka mapema. Nta ya mshumaa haina la kwanza. Kani zake ni za aina ile ile dhaifu, lakini molekuli zake ni ndefu na hugusana kwa urefu wote, kwa hiyo mivutano midogo mingi hujumlishwa ikawa mkubwa. Ndiyo sababu mshumaa hukaa sandukuni miaka mingi bila kupungua.

Hata barafu husablimika, ingawa polepole, kwa sababu bondi zake za haidrojeni huishikilia. Nyama isiyofunikwa ndani ya friza hukauka, na sehemu ya barafu iliyo kileleni mwa Kilimanjaro hupotea hewani bila kuwa maji kwanza.

Kuna jambo moja ambalo daktari angependa ulishike kuliko yote. Naftalini inapogeuka mvuke, molekuli zake hazivunjiki. Zimeachana tu. Kile unachokinusa si "harufu ya naftalini" kana kwamba harufu ni kitu kingine. Ni naftalini yenyewe imefika puani mwako, na kutoka hapo inashuka mapafuni.

NDANI YA SANDUKU

Katika sanduku lililofungwa, mvuke hujaa mpaka molekuli zinazotoka kwenye tembe zilingane na zile zinazorudi. Lakini humo ndani mna nguo pia. Nyuzi za sufu na pamba hupokea mvuke huo na kuushikilia kwa kani dhaifu zile zile. Joto likipanda kwa nyuzi 10, nguvu ya mvuke wa naftalini huongezeka zaidi ya mara mbili. Sanduku la bati lililo chini ya paa la mabati mwezi wa Februari ni tanuri dogo la kupuliza naftalini ndani ya nguo.

Sasa itoe shali hiyo, mfungie mtoto mchanga. Mwili wake una joto la nyuzi 37. Naftalini iliyonaswa katika nyuzi huanza kutoka, naye amefunikwa mpaka kichwani, pua yake iko ndani ya kitambaa. Anaivuta saa zote za mchana na usiku. Sehemu nyingine hupitia kwenye ngozi yake laini, na ikiwa amepakwa mafuta hupenya kwa urahisi zaidi, kwa sababu naftalini hupatana na mafuta kuliko maji.

Yule mtoto wetu alipopata nafuu chini ya taa, haikuwa taa peke yake iliyomsaidia. Tulikuwa tumemvua shali. Alipoondoka tukamrudishia.

NDANI YA MWILI

Naftalini ikifika kwenye ini hubadilishwa kuwa kemikali nyingine ambazo hushambulia chembe nyekundu za damu. Mtu mzima mwenye afya kwa kawaida huweza kuhimili kiasi kidogo. Chembe zake nyekundu zina kimeng'enya kiitwacho kwa kifupi G6PD, ambacho husaidia kuzikinga zisichomwe na kemikali za aina hiyo.

Lakini wapo watu waliozaliwa na upungufu wa G6PD. Duniani wanakadiriwa kuwa takriban milioni 400, na wengi wao asili yao ni sehemu zenye malaria, kwa sababu upungufu huo humpa mtu kinga fulani dhidi ya malaria kali. Kwa hiyo hapa kwetu, hasa Pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria, si jambo geni. Hurithiwa kupitia kromosomu ya X. Wavulana ndio huathirika zaidi, na mama anaweza kumpa mwanawe bila yeye mwenyewe kuonyesha dalili yoyote. Wengi huishi maisha yao yote bila kujua, mpaka wakutane na kitu kinachochokoza damu: maambukizi, dawa fulani kama vile primakwini, au naftalini.

Chembe nyekundu zikipasuka kwa wingi, mambo mawili hutokea. Kwanza damu hupungua, na mtoto hukosa oksijeni ya kutosha. Pili, hemoglobini iliyomwagika huvunjwa na kuwa bilirubini, kitu cha rangi ya manjano. Ini la mtoto mchanga bado ni changa, haliwezi kuiondoa yote. Bilirubini ikizidi sana huingia kwenye ubongo. Ikishaharibu huko, haitengenezeki. Mtoto anaweza kufa, kupata mtindio wa ubongo, au kupoteza uwezo wa kusikia.

Ni lazima niongeze kwamba mtoto mchanga anaweza kudhuriwa na naftalini hata akiwa na G6PD ya kutosha. Upungufu huongeza tu hatari. Kwa hiyo usingoje kipimo ndipo uondoe tembe kabatini.

DALILI ZA KUANGALIA

Watoto wengi wachanga hupata umanjano kidogo katika juma la kwanza na hupona wenyewe. Wengine huuita homa ya manjano, lakini hayo ni maradhi tofauti kabisa yanayoenezwa na mbu. Ili kuona umanjano kwa mtoto mweusi, mpeleke penye mwanga wa mchana, mtazame weupe wa macho, mbonyeze ncha ya pua au ufizi kwa kidole, kisha tazama viganja na nyayo.

Mkimbize mtoto hospitalini bila kungoja kesho ukiona lolote kati ya haya:

1. Umanjano uliotokea kabla hajatimiza saa 24 tangu azaliwe.

2. Viganja au nyayo zimekuwa za manjano, siku yoyote ile.

3. Mkojo mweusi kama chai ya rangi au soda ya kola.

4. Mtoto amepauka, amelegea, analala mno au hataki kunyonya.

5. Analia kwa sauti nyembamba ya juu, anajipinda mgongo kwenda nyuma au anashtuka-shtuka.

Kumwota mtoto jua la asubuhi hakuchukui nafasi ya taa ya hospitali. Na ukifika, mwambie daktari bila kuulizwa: "Nguo zake zilikuwa na naftalini." Sentensi hiyo ingeniokolea siku nne.

JAMAA ZAKE NAFTALINI

Naftalini haiko peke yake. Tembe nyingine zinazouzwa kwa kazi hiyo hiyo, na zile za rangi zinazowekwa vyooni, zimetengenezwa kwa paradaiklorobenzini. Hiyo nayo husablimika. Haijulikani sana kwa kuvunja damu kama naftalini, lakini si kitu cha kuvutwa na mtoto.

Kafuri, ambayo wenyeji wa Pwani wanaijua kwa shughuli za maziko na kwa dawa za kuchua, ina molekuli ya mviringo inayopangika vizuri, hivyo hubaki yabisi mpaka zaidi ya nyuzi 170 huku ikitoa mvuke wakati wote. Mtoto akiimeza anaweza kupata degedege katika muda mfupi. Dawa za kuchua zenye kafuri zisipakwe watoto wa chini ya miaka miwili, wala zisipakwe puani mwa mtoto yeyote.

Barafu kavu ni kabonidayoksaidi iliyogandishwa. Katika hewa ya kawaida haiwezi kuwa kiowevu, kwani inahitaji mgandamizo wa zaidi ya mara tano ya ule wa hewa tunayovuta. Husablimika kwa nyuzi 78 chini ya sufuri, na hutumiwa kusafirisha sampuli za maabara na baadhi ya chanjo. Huunguza ngozi ikishikwa kwa mkono mtupu, na mvuke wake, ulio mzito kuliko hewa, unaweza kumkosesha mtu pumzi katika gari lililofungwa madirisha.

LA KUFANYA NYUMBANI

Kwanza, usiweke naftalini pamoja na nguo, nepi, shuka wala blanketi la mtoto. Viwavi vya nondo hula sufu, hariri na manyoya. Leso za pamba na nepi zilizofuliwa na kukaushwa vyema hazina haja ya dawa yoyote. Nguo za sufu nazo hushambuliwa zaidi zikiwekwa na jasho na uchafu. Zifue, zianike mpaka zikauke kabisa, kisha zifunge katika mfuko usiopitisha wadudu.

Pili, nguo iliyokwisha kukaa na naftalini isivikwe mtoto mchanga. Mtafutie nyingine. Ikiwa ni lazima itumiwe na mtoto mkubwa au mtu mzima, kumbuka kwamba naftalini haipendi maji. Kuifua mara moja hakutoshi. Kinachoiondoa hasa ni upepo na joto, kwa sababu ndivyo molekuli zinavyopata nguvu za kuachana na nyuzi. Ianike nje penye jua na upepo kwa siku kadhaa, ifue kwa sabuni, uianike tena. Kisha mwombe mtu ambaye hajashinda nyumbani akunusie, maana pua yako imekwisha kuzoea.

Tatu, usitawanye tembe hizi jikoni, chini ya kitanda au kwenye sinki kufukuza mende. Mvuke wake hauchagui mende na mtoto. Na kwa macho ya mtoto anayetambaa, tembe nyeupe ni peremende. Nchi za Muungano wa Ulaya zilipiga marufuku tembe za naftalini mwaka wa 2008. Nasi tunaweza kuziondoa katika vyumba vya watoto bila kungoja sheria.

Nne, mtoto akimeza hata tembe moja, mpeleke hospitalini. Usimtapishe. Usimpe maziwa wala mafuta, ingawa majirani watakusihi ufanye hivyo; mafuta yaliyomo huisaidia naftalini kuingia mwilini. Beba paketi na tembe iliyobaki. Na asipoonyesha dalili siku ya kwanza, usifurahi mapema. Damu inaweza kuanza kuvunjika baada ya siku moja hadi tatu au zaidi, kwa hiyo endelea kutazama rangi ya mkojo na macho.

Ikiwa paketi imepotea, kuna mbinu rahisi ya kutambua ni tembe ya aina gani. Kwenye glasi ya maji matupu, kafuri huelea, naftalini na paradaiklorobenzini huzama. Kwenye maji yaliyokorogwa chumvi mpaka ikakataa kuyeyuka, naftalini huelea na paradaiklorobenzini huzama. Wahudumu wa zahanati wanaweza kuifanya kwa dakika moja, lakini isiwe sababu ya kumchelewesha mgonjwa.

JIPIME

1. Kwa nini chumvi haina harufu na naftalini inayo? (Chembe za chumvi zina chaji na zimeshikana mno, hakuna inayotoka. Molekuli za naftalini zimeshikana kwa kani dhaifu, nyingine huchomoka na kufika puani.)

2. Naftalini ikigeuka mvuke, je, sumu yake hubadilika? (La. Molekuli ni zile zile, zimeachana tu.)

3. Jirani amejifungua, na umeona sanduku lenye harufu hiyo likifunguliwa kumtolea mtoto blanketi. Utafanya nini? (Jibu hili sikuandikii. Inuka uende.)

Mvulana yule sasa ni kijana mkubwa, na bibi yake aliishi kumwona akianza shule. Kabla hawajaondoka hospitalini mara ya pili, niliketi naye kwenye benchi nikamweleza tembe zake zilikokwenda: hewani, kwenye sufu, na kutoka kwenye sufu hadi kwa mjukuu. Alinyamaza kitambo, akaniuliza kama akiifua shali ile itakuwa salama. Nikamwambia, "Bibi, iweke kama kumbukumbu. Mtoto mnunulie leso mpya."